Kugeuza Nta ya Mafuta Ghafi Kuwa Mafuta Bora ya Kulainishia: Mwongozo Kamili

Mafuta ya kulainishia yanayotokana na mafuta ghafi lazima yaondolewe nta, la sivyo yatagoma kutiririka kwenye baridi. Kinachobaki kwenye vichujio ni donge laini la manjano au hudhurungi, limeloa mafuta, na viwanda vingi hulichukulia kama mzigo: huuzwa kwa watengeneza mishumaa, au hurudishwa kwenye mtambo wa kuvunjavunja molekuli ili litoe petroli. Ni hasara. Kwa jicho la kemia, hiyo nta ghafi ndiyo sehemu ya mafuta iliyo karibu zaidi na oili ya daraja la juu. Aromatiki zake (molekuli za pete zisizoshiba haidrojeni) ni chache, na mnato wake hauporomoki ovyo joto linapopanda. Ila yake ni moja: huganda.

Kazi yote inayofuata ni kuiondolea nta ila hiyo bila kuipotezea sifa zake. Nawaandikia wahandisi, wakemia, waendesha mitambo na wanafunzi wanaotaka kuifahamu kazi hii hatua kwa hatua. Si kazi ya pipa na jiko la uani. Hapa kuna haidrojeni ya moto chini ya shinikizo linaloweza kuzidi bar 100, na hakuna njia ya mkato ya nyumbani.

Kwanza, elewa unachokibadilisha

Linganisha triakontani na skwalani. Zote mbili zina kaboni 30 na haidrojeni 62. Triakontani ni mnyororo ulionyooka, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 66 za Selsiasi. Skwalani ina matawi sita ya methili kwenye mnyororo wake, na hubaki kimiminika hadi karibu nyuzijoto −38. Tofauti inapita nyuzi 100, na hakuna atomi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Minyororo iliyonyooka hulala bega kwa bega na kujenga fuwele. Yenye matawi haipati nafasi ya kupangana.

Mageuzi ya aina hii, ya kupanga upya kaboni zilezile, ndiyo kuisomerisha. Lakini kila tawi lina gharama. Matawi yakizidi, hasa yakikaribiana, mnato huanza kubadilika sana kwa joto, na molekuli yenyewe inakuwa rahisi kukatika. Kinachotafutwa ni matawi machache yaliyotawanyika: ya kutosha kuzuia mgando, yasiyotosha kuharibu mnato.

Kipimo cha mabadiliko hayo ya mnato ni faharisi ya mnato, ambayo kwenye karatasi za maabara huandikwa VI. Dean na Davis waliipendekeza mwaka 1929: mafuta bora ya Pennsylvania yalipewa 100, na yale ya pwani ya Ghuba ya Marekani, yaliyokuwa dhaifu zaidi, yakapewa 0. Mafuta yanayotokana na nta huipita mizani hiyo ya zamani, mara nyingi yakifika 130 hadi 150. Katika mgawanyo wa API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), mafuta ya msingi, yaani yale ambayo bado hayajatiwa viongezi, ya Kundi la III yanatakiwa yawe na VI ya 120 au zaidi, salfa isiyozidi asilimia 0.03, na angalau asilimia 90 ya molekuli zilizoshiba haidrojeni. Angalia kwamba mgawanyo huo hausemi chochote kuhusu baridi. Mafuta yanaweza kuwa ya Kundi la III kwenye karatasi na bado yakamwangusha mnunuzi asubuhi ya barafu.

Hatua ya kwanza: ijue nta yako

Usinunue nta kwa kuitazama rangi. Vipimo vitano vinatosha kukuambia kama mtambo wako utaiweza: kiasi cha mafuta yaliyomo, mtawanyiko wa joto la kuchemka, mnato kwenye nyuzijoto 100, salfa, na naitrojeni. Ongeza kipimo cha metali kama nta imetoka kwenye mabaki mazito ya chini ya mnara wa ombwe (mnara wa kukenekea mafuta mazito kwa shinikizo dogo).

Mafuta yaliyomo hupimwa kwa kuyayeyusha kwenye kiyeyushi na kuitenga nta kwa baridi. Nta ghafi inaweza kuwa na asilimia chache tu, au ikapita 20. Mafuta hayo si sumu, ila yana molekuli za pete zinazoshusha VI ya zao la mwisho. Wapo wanaokimbilia kuyaondoa yote kabla ya kuanza. Mimi naona ni pesa inayomwagwa: mafuta kidogo hupita salama, na gharama ya kiyeyushi na ubaridishaji hairudi. Ondoa mafuta ikiwa tu majaribio yameonyesha kwamba VI ya mwisho haifikii lengo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni upana wa mtawanyiko wa joto la kuchemka. Nta nyepesi na nta nzito hazitaki ukali uleule. Ukizichanganya, joto linalotosha kuipinda nzito litaikata nyepesi na kuigeuza dizeli. Joto linalofaa nyepesi litaiacha nzito na masalia ya nta yatakayoleta ukungu kwenye chupa. Ziweke kwenye matanki tofauti na uziendeshe kwa zamu, wiki hizi nyepesi, zinazofuata nzito. Mtambo huohuo, kwa utaratibu huo tu, hutoa mafuta mengi zaidi.

Kuhusu kuhifadhi: tanki lipashwe joto nyuzi 10 hadi 20 juu ya joto la kuyeyuka kwa nta, mabomba yote yafungwe nyaya za kupasha joto au mirija ya mvuke, na juu ya nta kuwe na blanketi la naitrojeni. Nta ya moto ikikutana na hewa kwa muda mrefu huoksidika, na vitu vinavyozaliwa hapo huja kuziba tabaka la juu la kichocheo. Maji nayo ni hatari ya peke yake. Yakikusanyika chini ya tanki na joto likapita 100, hugeuka mvuke wenye ujazo wa zaidi ya mara 1,600 na kuitapisha nta yote nje. Toa maji ya chini ya tanki kila siku kabla ya kupandisha joto, si baada yake.

Hatua ya pili: isafishe kwa haidrojeni

Kichocheo cha kuisomerisha hutumia platinamu juu ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), na vyote viwili vina maadui. Salfa huishambulia platinamu. Naitrojeni ya kioganiki hukaa kwenye vituo vya asidi vya zeolaiti na kuvizima. Kwa hiyo nta hupitishwa kwanza kwenye riakta ya usafishaji yenye nikeli na molibdenamu, au nikeli na tungsteni, juu ya alumina (oksidi ya alumini).

Masharti ya kawaida ni nyuzijoto 340 hadi 400, shinikizo la bar 50 hadi 150, na mwendo wa lita 0.5 hadi 1.5 za nta kwa kila lita moja ya kichocheo kwa saa. Salfa hutoka ikiwa haidrojeni salfaidi, naitrojeni ikiwa amonia. Lengo langu kabla ya kuruhusu nta iende mbele ni naitrojeni chini ya sehemu 2 kwa milioni na salfa chini ya 10. Namba ya naitrojeni ndiyo ya kuilinda kwa wivu. Salfa kidogo hupunguza nguvu ya platinamu. Naitrojeni kidogo hukulazimisha upandishe joto la hatua inayofuata, na joto hilo hukata minyororo. Kwa maneno mengine, kila sehemu ya naitrojeni uliyoshindwa kuiondoa hapa unailipia huko mbele kwa mafuta yaliyogeuka dizeli.

Usivuke mpaka kwa upande wa pili pia. Joto likizidi sana kwenye riakta hii, nta huanza kukatika kabla haijafika ilikokusudiwa. Ukiona kiasi cha dizeli na nafta (mafuta mepesi ya jamii ya petroli) kinaongezeka kwenye tenganishi, shusha joto, na upunguze mwendo wa malighafi ili usafishaji usipungue.

Kutoka riakta ya kwanza, gesi na kimiminika lazima vitenganishwe, kisha nta iliyosafishwa ipitishwe kwenye mnara wa kupepetea kwa mvuke au haidrojeni ili amonia na haidrojeni salfaidi zote zitoke. Kabla ya vipoozaji, pachika sindano ya maji ya kuoshea. Amonia na haidrojeni salfaidi zikikutana kwenye bomba la baridi huunda chumvi, na chumvi hizo huziba mirija na kuila kutu chini kwa chini. Mitambo mingi iliyosimama ghafla ilisimamishwa na chumvi, kichocheo kikiwa bado kizima kabisa.

Hatua ya tatu: kuisomerisha

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea.

Kichocheo kina pande mbili zinazosaidiana. Platinamu huipokonya parafini (mnyororo wa nta ulioshiba haidrojeni) haidrojeni mbili na kuifanya olefini, yenye kiungo maradufu kati ya kaboni mbili. Olefini husogea hadi kituo cha asidi, ikapokea protoni na kuwa ioni ya kaboni yenye chaji chanya. Ioni hiyo hujipanga upya kupitia umbo la pete ya kaboni tatu, na tawi la methili huchomoza. Kisha huachia protoni, hurudi kwenye platinamu, hurejeshewa haidrojeni zake, na kutoka ikiwa isoparafini, yaani parafini yenye matawi. Safari yote ni fupi mno, na inapaswa kubaki fupi. Olefini ikichelewa kwenye asidi kabla ya kuipata platinamu, huongezwa tawi la pili, la tatu, halafu hukatika. Ndiyo maana kichocheo chenye asidi nyingi na metali kidogo ni kichocheo cha kutengenezea dizeli, hata kama muuzaji amekipa jina zuri.

Umbo la vitundu vya zeolaiti huamua mengi yaliyobaki. Mwaka 1981 Mobil ilianza kutumia kichocheo cha ZSM-5 kuondoa nta kwenye mafuta ya kulainishia. Minyororo iliyonyooka ndiyo iliyoweza kuingia kwenye vitundu vyake, na ikishaingia ilikatwa vipande vya gesi na nafta. Mafuta yalitiririka vizuri, lakini nta yenyewe, yaani sehemu bora, ilipotea. Mwaka 1993 Chevron ilianza kuendesha Richmond, California, mtambo wa kibiashara uliofanya kinyume chake: nta haikatwi, hupindwa. Siri ilikuwa vichocheo vyenye mifereji myembamba inayokwenda upande mmoja, bila njia panda, kama SAPO-11, na baadaye ZSM-22, ZSM-23 na ZSM-48 zikatumika na wengine. Mifereji hiyo ina upana wa karibu nusu nanomita. Mnyororo huingiza ncha yake tu, hupata tawi karibu na mdomo wa kitundu, na hauna nafasi ya kurundika matawi mengi.

Masharti ya kuanzia majaribio: nyuzijoto 300 hadi 370, shinikizo la bar 30 hadi 150, lita 0.5 hadi 2 za nta kwa lita ya kichocheo kwa saa, na haidrojeni kati ya mita za ujazo 300 na 1,000 kwa kila mita moja ya ujazo ya nta. Haidrojeni iwe safi. Kaboni monoksaidi hata kidogo hung'ang'ania platinamu, kwa hiyo gesi ipite kwanza kwenye mtambo wa kuichuja.

Usiende moja kwa moja kwenye riakta kubwa. Tumia riakta ndogo ya majaribio yenye mililita mia moja au zaidi ya kichocheo, na fanya hivi. Shika shinikizo, gesi na mwendo wa malighafi bila kuvigusa. Anza na joto la chini, subiri hadi zao litulie, kisha chukua sampuli. Pandisha nyuzi 5, subiri tena, chukua nyingine. Rudia hadi upate angalau hali nne. Kila sampuli ikenekwe, na sehemu inayochemka juu ya nyuzijoto 370 ndiyo uihesabu kuwa mafuta ya msingi. Iliyo chini ya hapo imekatika. Kwa kila sampuli pima joto la mmiminiko (joto la chini kabisa ambalo mafuta bado hutiririka), VI, na asilimia ya mafuta yaliyopatikana.

Sasa chora michoro miwili: VI dhidi ya joto la mmiminiko, na mafuta yaliyopatikana dhidi ya joto la mmiminiko. Usilinganishe vichocheo kwa joto lilelile la riakta, maana kinachofanya kazi zaidi kitaonekana kibaya bure. Vilinganishe kwa joto lilelile la mmiminiko, tuseme −18. Chenye mafuta mengi zaidi hapo ndicho cha kununua.

Mchoro wa pili utakuonyesha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: mteremko si sawa njia nzima. Nyuzi za kwanza hushuka kwa gharama ndogo, za mwisho hugharimu sana. Chukua hesabu ya mfano tu. Tani 100 za nta safi zinaweza kukupa tani 65 za mafuta yenye mmiminiko wa −18, tani 25 za dizeli na mafuta ya taa, na 10 za nafta na gesi. Ukililazimisha zao hilo lifike −30, zile 65 zinaweza kubaki 55, na VI ikapungua pia. Tani kumi zimehamia kwenye dizeli ili kupata namba ambayo mchanganyaji wa oili angeipata kwa kuongeza kiasi kidogo cha kiongezi cha kushusha mmiminiko. Simamia −15 hadi −21 isipokuwa mnunuzi ameandika vingine kwenye mkataba na yuko tayari kulipia.

Njia ya kati, kwa mwenye mtambo wa zamani

Kama tayari una mtambo wa kuondoa nta kwa kiyeyushi, usiuvunje. Unaweza kuisomerisha nta kwa upole, ukaacha sehemu yake ikiwa haijabadilika, kisha ukachanganya zao na metili ethili ketoni na toluini, ukalipoza hadi chini ya nyuzijoto −20, na kuchuja nta iliyobaki kwenye ngoma inayozunguka chini ya ombwe. Nta hiyo hurudishwa mwanzoni. Kwa kuwa riakta haikusukumwa hadi mwisho, ukataji ni mdogo. Shell ilitumia nta ghafi kutengeneza mafuta yake ya XHVI huko Petit-Couronne, Ufaransa, tangu miaka ya 1970, muda mrefu kabla ya vichocheo vya leo.

Ubaya wake ni gharama ya kupoza, hatari ya moto ya viyeyushi, na kazi ya kuvirejesha. Mtu anayejenga upya kabisa sioni kwa nini aende njia hii.

Hatua ya nne: kung'arisha

Zao likitoka riakta ya pili lina olefini chache na aromatiki chache zilizozaliwa kwenye joto. Ni kidogo kwa uzito, lakini ndizo zinazogeuza mafuta kuwa ya njano na kuyafanya yaoksidike ghalani. Yapitishe kwenye riakta ya tatu yenye platinamu na paladiamu, nyuzijoto 200 hadi 260, kwa shinikizo kubwa lilelile.

Joto la chini hapa ni la makusudi. Kuishibisha aromatiki haidrojeni hutoa joto, na ukipandisha nyuzi kupita kiasi majibizano hugeuka na kurudi nyuma. Rangi ikiharibika, mwendeshaji mgeni hupandisha joto. Jaribu kwanza kulishusha.

Hatua ya tano: kukeneka na kugawa

Tenganishi la shinikizo kubwa hurudisha haidrojeni kwenye kompresa. Tenganishi la shinikizo dogo hutoa gesi nyepesi. Mnara wa kwanza, wa shinikizo la kawaida, hutoa nafta, mafuta ya taa na dizeli. Dizeli hiyo ni isoparafini kwa sehemu kubwa, ina setani ya juu (kipimo cha wepesi wa kuwaka ndani ya injini) na salfa karibu haipo, kwa hiyo iweke tanki lake na uiuze kwa bei yake. Kuimwaga kwenye dizeli ya kawaida ni uvivu.

Kinachobaki huenda mnara wa ombwe. Ombwe linahitajika kwa kuwa mafuta haya yakichemshwa kwenye shinikizo la kawaida hukatika kabla hayajachemka. Kata mikondo kwa mnato kwenye nyuzijoto 100: wa 2 hadi 3 cSt (sentistoki, kizio cha mnato) kwa mafuta ya transfoma na vifaa vya kufyonza mshtuko, wa 4 kwa oili nyepesi za injini, wa 6 hadi 8 kwa nzito zaidi.

Mkato wa 4 ndio wenye soko kubwa na ndio mgumu kuukata. Oili ya injini ya viwango vya ILSAC (kamati ya watengeneza magari inayoweka viwango vya oili) hairuhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 15 kwa kipimo cha Noack, yaani uzito unaotoweka mafuta yakipashwa nyuzijoto 250 kwa saa moja chini ya mvutano wa hewa. Mkia mwepesi ukiingia kwenye mkato wako, mnato utaonekana sawa lakini Noack itakukataa. Dawa ni sahani (ngazi za kutenganishia) zaidi kwenye mnara na mvuke wa kupepetea pembeni, siyo kuuongeza uzito mkato mzima, kwa sababu ukiuongezea uzito utaanguka kwenye kipimo cha baridi: oili ya 0W, ile ya baridi kali, inatakiwa mnato wake usizidi 6,200 mPa·s (kizio kingine cha mnato) kwenye nyuzijoto −35. Mafuta ya nta yanathaminiwa kwa sababu hupita katikati ya kuta hizo mbili, mvukizo upande mmoja na baridi upande mwingine, pale ambapo mafuta ya kawaida hugonga ama huku ama kule.

Usishangae VI ya mkato mwepesi ikiwa chini kuliko ya mzito kutoka nta ileile. Ni tabia ya molekuli fupi.

Hatua ya sita: pima kabla ya kujisifu

Kwa kila tanki, maabara itoe, kwa njia za upimaji za shirika la viwango la ASTM zilizo kwenye mabano, mnato kwenye 40 na 100 (ASTM D445), VI (D2270), joto la mmiminiko (D97), joto la ukungu, ambapo nta huanza kuonekana (D2500), Noack (D5800), mnato wa baridi (D5293), joto la kuwaka (D92), rangi, na salfa.

Joto la mmiminiko husomwa kwa hatua za nyuzi 3, kwa hiyo −18 na −21 kutoka maabara mbili si ugomvi wa kupeleka kwa wanasheria. Kinachostahili jicho lako ni pengo kati ya ukungu na mmiminiko. Mafuta yakimiminika hadi −18 lakini ukungu ukatokea nyuzijoto +5, kuna nta nzito kidogo iliyojificha. Weka chupa ya kioo mezani kwa wiki mbili na uitazame dhidi ya mwanga. Mkato mzito unaotokana na nta ya mabaki ndio mkosaji wa kawaida, na kupandisha joto la riakta hakutausaidia sana: molekuli hizo ni kubwa na huingia kwenye vitundu kwa shida. Shusha mwisho wa mchemko wa malighafi, uziache nje tangu mwanzo.

Kuwasha, kuzima, na yanayoua

Jaribu uvujaji kwa naitrojeni kwanza, kisha kwa haidrojeni. Kuta nene za riakta za chuma cha kromi na molibdenamu huwa dhaifu zikiwa baridi, kwa hiyo usipandishe shinikizo hadi chuma kifike joto la chini lililoandikwa na mtengenezaji. Kichocheo cha usafishaji huamshwa kwa salfa, kwa kawaida dimethili disalfaidi. Kichocheo cha platinamu hukaushwa na kuamshwa kwa haidrojeni tupu. Salfa ile ikikifikia umekiharibu kabla hakijafanya kazi siku moja. Tenga mistari hiyo kwa vipofu vya chuma (bamba zinazoziba bomba kabisa), si kwa vali.

Platinamu mpya ina hasira. Ingiza kwanza mafuta mepesi safi, kwa joto la chini, ndipo nta ifuate taratibu, huku ukisoma vipimajoto vya kila tabaka. Joto la tabaka moja likianza kukimbia peke yake, ingiza gesi baridi ya kuzimia, kata tanuri, na kama bado linapanda shusha shinikizo lote bila kusubiri ruhusa. Wakati wa kuzima, suuza riakta na mabomba kwa dizeli kabla ya kupoza. Nta ikiganda ndani ya tabaka la kichocheo, utaitoa kwa nyundo. Na usifungue riakta yenye nikeli kabla ya kuhakikisha hakuna kaboni monoksaidi: vikikutana kwenye joto chini ya 200 huzaa nikeli kabonili, gesi yenye sumu kali mno.

Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Haidrojeni salfaidi hunuka yai bovu mwanzoni tu; ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huiua pua, na mtu hudhani hewa imekuwa safi. Kila anayeingia eneo la riakta avae kipimo cha gesi kifuani, na mabomba ya haidrojeni ya moto yachaguliwe chuma kwa michoro ya Nelson iliyo kwenye API 941, kwa kuwa haidrojeni hupenya chuma cha kawaida na kukila kaboni yake.

Nta isiyotoka kwenye mafuta ghafi

Baada ya kuujua utaratibu huu, nta ya Fischer-Tropsch, inayoundwa kutokana na gesi asilia, ni kazi rahisi zaidi. Haina salfa wala naitrojeni ya kuhangaisha, na ni minyororo iliyonyooka karibu mitupu. Mtambo wa Pearl huko Qatar, uliotoa shehena ya kwanza mwaka 2011, hutengeneza mafuta ya msingi kwa njia hiyo. Kitu cha kuangalia ni oksijeni kidogo iliyomo na vumbi la kichocheo cha kobalti, vyote viwili viondolewe kwanza.

Mwisho, mpe mnunuzi onyo la kweli. Mafuta haya ni isoparafini karibu tupu, hivyo huyeyusha viongezi kwa shida na huweza kusinyaza mipira ya kuzuia uvujaji. Mchanganyaji aongeze esta kidogo au naftalini yenye alkili, ajaribu viongezi vyake kwenye joto la chini kabla ya kujaza matanki, na asitumie bila kupima resipe aliyozoea kwa mafuta ya Kundi la I, yasiyoshiba haidrojeni kiasi hicho.